Chui wetu hawajahesabiwa, na picha zao ziko mikononi mwa wawindaji bingwa

Nyayo za Rungwa

Wakuu, habari za jioni.

Humu ndani tukijadili uwindaji wa kitalii tunaishia kwa tembo na simba. Chui anapita katikati yetu bila kutajwa, wakati ndiye mnyama ambaye karibu kila kampuni yenye kitalu, yaani eneo la pori lililotengwa kwa uwindaji, inamtangaza kwa wageni wake. Ukiuliza simba, utapewa makadirio na watu wa kubishana nayo. Ukiuliza chui, utaambiwa "wapo wengi tu". Wengi kwa hesabu ya nani?

Niseme mapema ninaposimama. Sikuja kuutetea uwindaji wala kuupinga. Nilifanya kazi kwenye kambi za uwindaji upande wa Rungwa, nikaanzia kwa wachuna ngozi, baadaye nikawa mfuata nyayo. Ninachokijua ni kwamba hakuna mtu nchi hii anayemwona chui wa kwenye vitalu mara nyingi kama mwindaji bingwa, yule mwenye leseni ya kuongoza wageni wanaowinda, na vijana wake. Kwa hiyo vyama vya wawindaji bingwa, vya kwetu na vya nchi za kusini mwa Afrika, vikisema vinahifadhi chui, mimi nauliza mambo matatu tu. Rekodi zao ziko wapi? Nani anazisoma? Na mwanachama akivunja sheria wanamfanya nini?

Kwa ambao hawajawahi kuiona kazi yenyewe, chui anawekewa chambo. Kabla mgeni hajafika, vijana wanazunguka mabonde ya mito wakitafuta nyayo za dume kwenye mchanga, na mti unaofaa: shina lililoinama apande kwa raha, na tawi lililo wazi ili akisimama umbo lake lote lionekane dhidi ya anga la jioni. Hapo wanafunga paja la pundamilia au ngiri mzima, juu kiasi kwamba fisi na simba hawafikii. Wanafunika nyama kwa majani tai wasiione, kisha wanaburuta matumbo ardhini kutoka barabarani hadi kwenye shina ili harufu imwongoze. Ng'ambo kidogo wanajenga kibanda cha nyasi cha kujificha.

Siku hizi kila chambo kina kamera ndogo imefungwa kwenye mti wa jirani. Asubuhi kadi inatolewa, mnazunguka boneti ya gari mnatazama nani alikuja usiku. Jike na mtoto wake saa tatu. Dume kijana saa saba, kala kidogo kaondoka. Nyegere. Kanu. Halafu siku moja anatokea dume mzee, shingo nene, hana haraka, na kambi nzima inachangamka.

Huyo mmoja ndiye anayetafutwa. Wengine wote, majike, watoto, madume wachanga, wanabaki kwenye kadi, na kadi inafutwa ipate nafasi ya picha za kesho.

Hapo ndipo roho yangu inauma. Hakuna chui wawili wenye mpangilio mmoja wa madoa. Ukiwa na picha safi ya ubavu unaweza kumtambua huyo huyo mwakani na mwaka wa tatu, ukajua kama jike bado yupo na mtoto wake alikua au hakukua. Watafiti wanatumia fedha nyingi kupeleka kamera za namna hiyo porini. Walifanya hivyo katika eneo la Ruaha na Rungwa, na matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba kwenye nyanda za kando ya mto ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha chui wamesongamana karibu maradufu ya wale wa miombo ya Pori la Akiba Rungwa. Kazi nzuri sana, lakini ni kona moja ya nchi. Vitalu vingine kamera zipo msimu mzima na picha zinaishia kwenye pipa.

Sasa mgawo, yaani idadi ya nyara za chui ambayo nchi inaruhusiwa kutoa nje kwa mwaka. Chui yuko Kiambatisho I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu 1975, maana yake biashara ya kimataifa ya ngozi yake imefungwa. Nyara za wawindaji, yaani ngozi na fuvu anavyoondoka navyo mgeni, zina utaratibu wa peke yake: mwaka 1983, kwenye mkutano wa Gaborone, nchi kadhaa za Afrika zilikubaliwa kuwa na mgawo wa kila mwaka. Tanzania ilianza na chui 60, ikapanda hadi 250, na kwenye mkutano wa Santiago mwaka 2002 ikapata 500. Zimbabwe nayo ilipewa 500, Zambia 300, Namibia 250, Afrika Kusini 150.

Mgawo huo haukutokana na kuhesabu chui. Ripoti kubwa ya 1988 iliyotumika sana kwenye mijadala hiyo ilikadiria Afrika kusini mwa Sahara ina chui zaidi ya 700,000, kwa kukokotoa kutoka kiasi cha mvua na uoto wa nchi. Wanasayansi wengi waliipinga, kwa sababu mvua inaweza kunyesha vizuri kabisa mahali ambapo swala wameshaliwa wote na mitego ya nyaya imejaa kila kichaka. Mwaka 2016 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimshusha chui na kumweka kwenye kundi la Vulnerable, yaani walio kwenye hatari ya kutoweka, ingawa si ile ya juu kabisa.

Na hili ndilo ningependa kila mwindaji bingwa alisome. Sheria yetu inaruhusu chui dume peke yake. Watafiti walichukua sampuli za chui 77 waliowindwa Tanzania kati ya 1995 na 1998, wakapima vinasaba. 22 walikuwa majike.

Najua inavyotokea. Mko ndani ya kibanda, jua limezama, kuwinda kwa taa usiku ni marufuku, mgeni amelipa pesa ndefu na siku zake zinakwisha. Chui anapanda tawi kwa upande ambao hamuoni mapumbu. Mwindaji bingwa ana muda mfupi wa kusema "piga" au "acha". Aliyepitia picha za chambo hicho vizuri anajua tayari nani anakula pale. Asiyepitia anabahatisha.

Hata akiwa dume, kazi haijaisha. Dume mwenye eneo lake ndiye anayewalinda watoto wa majike walio ndani ya eneo hilo, kwa kuwepo kwake tu. Ukimwondoa kabla watoto hawajajitegemea, dume mgeni anaingia na kuwaua ili majike warudi kwenye joto mapema. Umepiga mmoja, wamekufa wanne au watano ambao hawaandikwi kokote. Ndiyo maana wataalamu wanasema dume wa kuwindwa awe na miaka 7 au zaidi, ambaye ameshakuza kizazi. Kwetu kanuni inaangalia urefu wa mwili, usipungue mita 1.3. Dume wa miaka mitatu anaupita urefu huo.

Kwa simba tulishathubutu: umri usipungue miaka 6, na fuvu na meno vinakaguliwa. Kwa chui tunasubiri nini? Vyama vya wawindaji bingwa vingekuwa vya kwanza kulidai hili.

Karibuni tujadili.

Binti Mpwapwa

Mkuu Nyayo, nimesoma yote na nimejifunza, ahsante. Ila swali langu liko nyuma zaidi ya hapo. Mnyama yuko Kiambatisho I, unasema mwenyewe hajahesabiwa, kwa nini anauawa hata mmoja? Kenya walifunga uwindaji na watalii wanaenda kumpiga picha chui Maasai Mara mwaka mzima. Chui mmoja anapigwa picha na magari ishirini kwa siku na kesho bado yupo. Huku kwetu anauzwa mara moja.

Nyayo za Rungwa

Dada, swali lako ni la haki kabisa na sitalizunguka.

Kwanza utaratibu. Nyara inasafiri kama mali binafsi, haiuzwi. Mtu mmoja haruhusiwi kuingiza nyumbani kwake zaidi ya ngozi mbili kwa mwaka, na kila ngozi inafungwa lebo isiyofunguka yenye nchi, namba yake ndani ya mgawo na mwaka. Lebo inasomeka mfano TZ 6/500: ngozi ya sita kati ya mia tano. Miaka mingi hatufikii hata hizo 500. Wageni wengi wanaokuja kuwinda chui ni Wamarekani, na serikali yao nayo inatoa kibali chake kabla ngozi haijaingia.

Pili Kenya. Chama cha kwanza kikubwa cha wawindaji bingwa ukanda huu kilizaliwa Nairobi mwaka 1934, kikafa 1977 uwindaji ulipofungwa. Kilikuwa chama cha walowezi karibu watupu. Wafuata nyayo Wakamba na Wandorobo, ambao bila wao hakuna mgeni angemwona chui, hawakuwa na kiti mle. Sikitamani kirudi. Lakini baada ya 1977 wanyamapori wa Kenya hawakupona. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha idadi ya wanyama wakubwa katika maeneo ya malisho imeshuka kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka huo wa marufuku. Sisemi marufuku ndiyo iliyowaua. Uzio, mifugo, mashamba na nyama ya porini vimefanya kazi yao. Ninachosema ni kwamba kufunga bunduki ya mgeni peke yake hakukutosha.

Na Mara si Rungwa, dada yangu. Miombo ya Rungwa na Kizigo ina mbung'o, nyasi zinakuzidi kimo, barabara hazipitiki masika. Gari la watalii wa picha utaliona mara chache sana. Kampuni ya uwindaji ikiondoka pale, anayeingia kesho yake ni mwenye msumeno na mwenye ng'ombe elfu moja. Hilo nimeliona kwa macho kwenye kitalu kilichokaa bila mwenyewe. Kama kuna mtu ana njia nyingine ya kulipia askari wa miombo, nitakuwa wa kwanza kumuunga mkono.

Mtafiti Kijana

Mzee Nyayo, heshima yako. Mimi niko kwenye masomo ya wanyamapori na chui ndiye niliyemchagua, naomba niongeze mambo ya kusini kwa sababu ndiko vyama hivi vimejaribiwa zaidi.

KwaZulu-Natal, jimbo la Afrika Kusini, ndiyo mfano ninaoupenda. Kabla ya mageuzi, vibali vya chui viliangukia kwenye mashamba yale yale yanayopakana na hifadhi za Phinda na Mkhuze. Dume akipigwa, mwingine anatoka hifadhini kuchukua eneo lake, naye anapigwa. Hifadhi ikawa inavuja chui kupitia uzio wake. Watafiti waliokuwa wamevisha chui kola za kuwafuatilia waliona vifo vinazidi na watoto hawafiki utu uzima. Mwaka 2005 hivi utaratibu ukabadilishwa: jimbo likagawanywa kanda, kibali kimoja kwa kanda, jumla visizidi vitano kwa mwaka. Na wafugaji wa eneo hilo wakasaidiwa kulinda mifugo badala ya kumsaka kila chui. Vifo vikashuka sana, majike wakaanza kulea watoto mpaka wakajitegemea. Uwindaji haukufungwa, ulisambazwa tu.

Kuhusu umri, utafiti wa 2012 uliotumia picha za chui wanaojulikana tarehe zao za kuzaliwa ulionyesha alama nzuri kuliko zote ni ngozi inayoning'inia chini ya koo la dume, kama ya fahali. Kwa kijana haipo au ni kidogo. Akivuka miaka 7 inaonekana wazi hata kwenye picha ya kamera. Masikio yaliyochanika na makovu usoni yanasaidia, ila yanadanganya, kuna vijana wagomvi. Kinachonipa moyo ni kwamba kutambua umri kunafundishika. Mwindaji bingwa akikaa na picha za mfano jioni moja anaanza kuona tofauti.

Afrika Kusini ilisimamisha mgawo wa chui mwaka 2016 baada ya mamlaka yao ya kisayansi kusema haijulikani chui wanaelekea wapi. Uliporudi ukaja na sharti la dume wa miaka 7 kwenda juu, tena kwa idadi ndogo mno. Kwa 2022 walitangaza 10 tu nchi nzima, nalo likapelekwa mahakamani. Kutoka 150 hadi 10. Hicho ndicho kinachotokea kwa nchi isiyo na takwimu za kujitetea, na wenye vitalu wa kwetu wangelitazama kwa makini.

Namibia wamekwenda njia nyingine. Chama chao cha wawindaji bingwa, NAPHA, kilichoanza 1974, kimekuwa kikishirikiana na wizara na watafiti kwenye tathmini za chui wa nchi nzima, ikiwemo ya 2019, ambapo wenye mashamba na wawindaji walitoa taarifa za wanachokiona kwenye ardhi zao. Watu wanabishana na mbinu, na ni sawa wabishane. Lakini kuna kitu cha kubishania.

Na kwa wafuata nyayo kama wewe mzee, kuna utafiti wa 1997 kutoka kaskazini mashariki mwa Namibia. Wafuata nyayo wanne wa jamii ya Ju/'hoansi walipimwa mara 569: huyu ni mnyama gani, jinsia gani, umri gani, alifanya nini. Walipatia asilimia 98. Mtafiti huyo huyo ndiye aliyeandika jinsi ya kusoma umri wa chui kwa kulika kwa meno yake.

Nyayo za Rungwa

Mwanangu umeniongezea siku za kuishi. Hao wanne wa Namibia nawafahamu bila kuwaona. Kwetu wapo Wakimbu na Wasandawe wanaoweza kukwambia jike huyu ana mimba kwa jinsi alivyokanyaga, na kwenye ripoti ya msimu hakuna mstari wa kuandika walichosema.

Kitalu Kusini

Habari zenu. Mimi ni mwindaji bingwa mwenye leseni hai, nitaongea bila kujificha.

Ndugu Nyayo, umesema ukweli mwingi, umeacha mmoja. Unataka tutoe picha. Unajua picha ya dume mkubwa ni nini kwenye biashara hii? Tangu 2019 vitalu vinauzwa kwa mnada wa kielektroniki. Mimi nikitunza kitalu, nikatoa mitego ya nyaya, nikaacha madume wakakua, halafu rekodi zangu zikatoka, mwenzangu mwenye pesa ananizidi bei anachukua kitalu na chui wangu. Mwaka huo huo wa 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa Nyerere, Ugalla nayo ikawa hifadhi. Sipingi, ni uamuzi wa nchi. Ila mtu asiyejua kama mwaka wa tano atakuwa pale anawezaje kuambiwa awekeze kwenye utafiti wa miaka kumi?

La pili, picha zikitoka zinaishia mitandaoni Ulaya, jina langu na la mgeni wangu vinatukanwa. Watu wamepokea vitisho vya kuuawa.

La tatu, hao 22 kati ya 77 ni wa miaka ya tisini. Hatukuwa na kamera kwenye chambo. Leo mwindaji bingwa makini hapigi chui ambaye hajamwona kwenye picha kwa pembe zote.

Nyayo za Rungwa

Ahsante kaka kwa kujitokeza, tunahitaji sauti yako humu.

La tatu nakubaliana nawe nusu. Kamera zimesaidia sana. Lakini kama hali imebadilika, mwenye ushahidi ni nyinyi. Sampuli za ngozi zikipimwa upya na kukawa hakuna jike hata mmoja, vyama vyenu vitakuwa na karatasi ya kuonyesha duniani kote. Bila kupima, watu wataendelea kunukuu wale 22, na mimi nitakuwa mmoja wao.

La mitandao linajibika. Picha haihitaji jina la mgeni wala alama ya mti. TAWIRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa wanyamapori, wapokee picha ya chui, tarehe, na jina la kitalu tu. Mahali penyewe pa chambo pabaki kwako. Matokeo yatoke kwa kanda baada ya msimu kuisha.

La mnada ndilo zito, na hapo nakuunga mkono. Mwenye kitalu aliyetunza madume na kukabidhi rekodi zake apewe uzito wakati wa kuhuisha umiliki, asishindane kwa bei peke yake. Hilo ni jambo la chama chenu kulipeleka kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na wizarani. Nimesikia vyama vikilalamikia ada na kodi kila mwaka. Hili sijasikia.

Mfugaji wa Mitundu

Nyinyi mnaongelea chui wa kwenye picha. Sisi huku pembezoni mwa pori tunaongelea chui wa zizini.

Aliingia kwangu usiku, akaua mbuzi sita, akabeba mmoja. Mbwa alikwenda naye wiki iliyotangulia. Kifuta machozi kipo kisheria, lakini mpaka afisa aje aone mzoga, aandike, karatasi ipande ishuke, mbuzi ameoza na mimi nimeshauza wengine kulipa ada ya shule. Jirani yangu yeye hakusubiri. Alichukua dawa ya shambani akapaka mzoga. Wamekufa chui, fisi wawili na tai sijui wangapi. Huyo chui yuko kwenye mgawo gani?

Kampuni ya uwindaji ya karibu tunaiona ikipita na magari yake. Nyama tunapata mara moja moja. Kama chama chao kinataka tuwapende chui, kije na waya na misumari ya kutengeneza mazizi. Zizi la miiba chui analiruka.

Nyayo za Rungwa

Pole sana mzee wangu. Mbuzi sita ni pigo kubwa nyumbani kwa mtu.

Na umegusa pengo kubwa kuliko yote niliyoandika. Chui wanaokufa kwa sumu, kwa nyaya na kwa mishale pembezoni mwa mapori hawaingii kwenye hesabu yoyote. Mgawo unahesabu wa bunduki ya mgeni tu. Inawezekana kabisa kwenye baadhi ya maeneo wa sumu ni wengi kuliko wa leseni, halafu kampuni inaendelea kupewa idadi ile ile ya chui kana kwamba pori liko kama lilivyokuwa.

Chama chenye akili kingekuja kwako kabla ya kwenda kwenye mkutano wa nje. Zizi la waya lenye paa linagharimu kidogo mno ukilinganisha na anacholipa mgeni mmoja wa chui. Kule KwaZulu-Natal alikotaja kijana, kusaidia wafugaji kulikwenda pamoja na kupunguza vibali.

Binti Mpwapwa

Mzee wa Mitundu pole sana. Kwa hili nimebadilika kidogo: naona hata uwindaji ukifungwa kesho, jirani yako na dawa ya shambani bado wapo. Ila kwa hawa wenye vyama bado sijashawishika. Chama cha watu wa kazi moja huwa kinalindana. Daktari hamshitaki daktari. Mnategemea mwindaji amshitaki mwindaji?

Mtafiti Kijana

Dada, wasiwasi wako una historia. PHASA, chama cha wawindaji bingwa cha Afrika Kusini, mwaka 2015 ilipiga kura kukataa uwindaji wa simba waliofugwa kwenye mazizi. Mwaka 2017 ikageuka, ikaukubali. Lakini tazama kilichofuata: NAPHA ya Namibia ikakata uhusiano nayo, na wanachama wake wenyewe wakajitoa wakaanzisha chama kingine. Kwa hiyo kulindana kupo, na watu wa kukataa kulindana nao wapo humo humo ndani. Swali ni nani anashika kiti mwaka huo.

Kitalu Kusini

Kwetu chama kinaweza kumfuta mtu uanachama. Kumnyang'anya leseni ni kazi ya serikali. Nakubali kufuta uanachama hakumuumizi mtu sana, kwa sababu unaweza kuongoza wageni bila kuwa mwanachama. Hapo ndipo pa kurekebisha kama mnataka tuwe na meno.

Nyayo, nina kadi za misimu kadhaa ambazo sikuzifuta. Nikitaka kuzikabidhi zifae, nifanyeje? Naomba jibu la kazi, siyo la siasa. Nitalipeleka kwa wenzangu kwenye kikao cha kabla ya Julai.

Nyayo za Rungwa

Kaka, hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri. Kijana atanisahihisha nikikosea.

Usichague picha nzuri. Toa zote za chui, hata zenye mkia tu, kwa sababu picha mbovu nayo inasema siku hiyo alikuwepo. Angalia saa ya kamera kama iko sahihi kabla ya kuifunga mtini. Kadi nyingi nilizoziona zilikuwa na tarehe ya kiwandani na hazina faida. Tenganisha ubavu wa kushoto na wa kulia, kwa sababu madoa ya pande mbili hayafanani na chui mmoja atahesabiwa wawili. Ukiweza, weka kamera mbili kwenye chambo, moja kila upande. Andika siku chambo kilipofungwa na siku kilipotolewa, pamoja na vile ambavyo chui hakuja kabisa. Watu huviacha hivyo wakidhani havina habari, na mtafiti anavihitaji sawa na vile vingine.

Na kumbuka chambo kinamvuta chui kutoka mbali, kwa hiyo picha zako hazitatoa msongamano wa chui kama zile za kamera zilizopangwa kwa gridi. Zitatoa orodha ya nani yupo, jinsia yake, umri wake kwa makadirio, na nani amerudi mwakani. Kwa kuanzia inatosha sana.

Aliyepigwa, mpige picha fuvu kwa mbele na kwa ubavu, na meno ya mbele kwa karibu na rula pembeni. Kipande kidogo cha ngozi weka kwenye chumvi kavu au spiriti kwa ajili ya vinasaba. Mchuna ngozi wako anajua, mwambie tu asitupe. Masharubu askari atayachoma kama kawaida kwa sababu ya imani kwamba ni sumu, hayo hayahitajiki.

Na mwisho wa fomu ongeza mstari wa mfuata nyayo: jina lake, na alichosoma chini kabla hamjafungua kadi. Mkifungua, andikeni kama alipatia.

Mtafiti Kijana

Hakuna cha kusahihisha mzee. Labda moja tu: kamera iwe usawa wa tawi anapokulia, na nyingine chini kwenye shina, kwa sababu majike wengi wenye watoto hawapandi, wanaishia kunusa chini na kuondoka. Kaka Kitalu Kusini, nikipata ruhusa ya chuo naweza kuja kupanga hizo kadi kabla msimu haujafunguliwa. Nitakutumia ujumbe pembeni.

Mfugaji wa Mitundu

Mkija kupanga kadi pitieni na huku. Nitawaonyesha alipopita. Nyayo zake kwenye tope la kisimani bado zipo, nimezifunika na ungo mvua isizifute.